Nani Atamchimbia Mzee Isdori

Kwetu, pembeni ya Mpui, mfiwa hashiki jembe. Vijana wa kijiji huja wenyewe asubuhi, majembe na sururu begani, wakauliza mahali pa kaburi tu. Asubuhi ile baba yetu alikuwa ndani kwenye jeneza, jua limeshapanda juu ya mikaratusi, na njia ilikuwa tupu. Niliogopa hata kumtazama mama.

Sababu tuliijua sote, nayo ilikuwa imekaa jikoni ikimenya viazi. Dada yangu Justa anafanya kazi Dodoma, kwenye taasisi inayotafiti sera za mazingira. Alianza kwa kupima maji ya vijito huku Ufipa, akapanda hadi wabunge wakawa wanamsikiliza. Alipokuwa akisikika redioni tulijigamba kwa majirani kwamba huyo ni wa kwetu. Majigambo yakatuponza. Halmashauri ilipopiga marufuku kulima bondeni kando ya kijito, na mgambo wakaja kung'oa kabichi na mahindi ya kiangazi, hakuna aliyeuliza wazo lilikuwa la nani.

Tangu hapo salamu zilipungua. Mama akienda kisimani, wenzake wanachota haraka na kuondoka. Mimi ninayeishi hapa ndiye niliyeyameza hayo. Justa huja Krismasi na kurudi zake. Nampenda dada yangu, lakini asubuhi ile nilitamani angebaki hukohuko.

Jua lilipokuwa kali alikuja Beda, peke yake, mikono mitupu. Beda ndiye mkubwa wa wachimbaji, na bustani ya bondeni ndiyo iliyosomesha watoto wake. Alimpa mama pole, akakaa kwenye benchi, akaniambia wenzake wanasubiri kwa mwenyekiti. Justa atoke, aseme mbele ya watu kwamba alikosea na kwamba atakwenda kuwarudishia bonde. Hapo watachimba.

Namjua dada yangu. Nilimfuata jikoni nikamwomba adanganye, neno moja tu la kumpatia baba kaburi. Kisu kilimponyoka kikaanguka kwenye maganda. Sikuwahi kumwona akiogopa. Alitoka hata hivyo, akapiga goti mbele ya Beda kama tulivyofundishwa.

"Kaka Beda," alisema kwa sauti ndogo, "kijito kimekauka miaka miwili mfululizo. Nikisema nilikosea, nitakuwa nakudanganya kwenye msiba wa baba."

Beda aliinuka, akaondoka bila kuaga. Nilianza kujiona nikichimba mwenyewe, ardhi ya kiangazi ilivyo ngumu, watu wakipita barabarani na kutazama. Aibu ya namna hiyo hurithiwa na watoto. Nilikwenda nyuma ya nyumba kutafuta jembe.

Ndipo nikasikia sururu makaburini. Beda na wenzake walikuwa wamekuja wote. Walichimba bila wimbo wala utani, katekista akasali, wakamshusha baba taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Nililia kwa shukrani, nikadhani yamekwisha.

Walipomaliza hawakuja kunawa. Ugali wa ulezi na maharage vilibaki kwenye masufuria, na mchimbaji asiyekula chakula cha msiba ana neno moyoni. Beda alipita uani, akasimama mbele yangu.

"Mzee Isdori alituchimbia baba zetu," alisema. "Tumemrudishia. Baada ya huyu, nyumba hii ijichimbie yenyewe."

Aliondoka, wenzake wakamfuata. Mama alikuwa amesikia kila kitu. Alifunika masufuria, moja baada ya jingine, akaenda kukaa karibu na Justa na kumshika mkono, mama huyu ambaye hajawahi kulala nje ya Ufipa.

"Sikulaumu, mwanangu," alimwambia. "Ila nikifa, nizike hukohuko kwako."