Mtani Kafika Marui

Holo alipokwenda Marui, jina lake aliliacha nyumbani Gwata. Ndiyo, jina, kwani lilikuwa la Kisukuma. Baba yake, Shija, ni Msukuma wa ng'ombe aliyehamia Kibaha vijijini kabla binti hajazaliwa, na huko Marui, wilayani Kisarawe, msimu ule ng'ombe wa wafugaji fulani walikuwa wameingia kwenye mihogo ya watu wakaifyeka yote. Basi Holo, mwanafunzi wa chuo mwaka wa tatu, alipowasikia akina mama wakiwalaani Wasukuma hata kabla hajashusha begi, akajitambulisha kwa jina la ubatizo: Selina, wa Kibaha mjini. Mwenzake wa chuo, Didas, akamkazia macho.

Chuo kiliwatuma wakae mwezi mzima na kampuni moja ya Kibaha, zile kampuni zinazofanya biashara lakini faida inarudi vijijini. Kampuni ilinunua makopa, ile mihogo mikavu, kwa kikundi cha akina mama wa Marui kilichoongozwa na Bi Mwamini, na adui wao alikuwa mvua: makopa yakinyeshewa yanaota ukungu. Wanafunzi wakajenga kikaushio, banda la nailoni lenye vichanja ndani. Akina mama wakapiga vigelegele, wakasema ahsanteni wanetu, Mungu awazidishie. Kisha wakaenda zao kuanika makopa juu ya bati kama siku zote.

Hapo ndipo Holo alipoanza kukosa raha. Akiuliza, "Mama, kikaushio kina tatizo gani?" anajibiwa, "Hakina, mwanangu. Kizuri mno." Akienda kwa huyu, kizuri. Kwa yule, kizuri. Kizuri gani hicho kisichotumika, jamani? Na Herman, msimamizi kutoka kampuni, alishasema: Ijumaa nakuja, nikikikuta kitupu nakihamishia kijiji kingine. Si maksi tu zilizomuuma Holo. Wale akina mama alikuwa amewapenda, na masika yalikuwa yanabisha hodi.

"Wanatuficha kitu," akamwambia Didas.

"Na wewe je, huwafichi?" Didas akajibu. Jitu refu lile, ukilitazama utadhani halina maneno.

Jumanne akafariki Mzee Mfaume, baba yake Bi Mwamini, ambaye ndiye aliyewapa wanafunzi vyumba nyumbani kwao. Mzee wa maneno yule! Chai hanywi mpaka akohoe kwanza, aulize kama hii ni chai au maji ya kuoshea vikombe. Holo alimlilia kama mjukuu wa damu.

Maziko yakaisha, watu wakarudi wakakaa mkekani, kimya. Kimya chenyewe kilikuwa kibaya, maana msiba wa Mzaramo mzee kama yule hautakiwi kukosa watani. Watani ndio wanaomwiga marehemu, wanaodai kuku, wanaowachekesha wafiwa hadi machozi yakate. Na watani wa Wazaramo, toka enzi za mababu, ni Wasukuma na Wanyamwezi. Lakini kwa ugomvi ule wa mihogo, hakuna mfugaji wa jirani aliyethubutu kutia mguu pale.

"Baba yangu kazikwa bila mtani," Bi Mwamini akasema. "Kama mtu asiye na watu."

Holo akapiga hesabu moyoni. Akijitaja, huenda akafukuzwa, na kikaushio nacho kikaondoka. Asipojitaja, mzee wa watu anakwenda hivi hivi. Shughuli pevu! Akainuka, akaingia ndani, akatoka kavaa baraghashia ya marehemu, bakora mkononi, mgongo kaupinda. Akakohoa.

"Hii ni chai," akanguruma, "au maji ya kuoshea vikombe?"

Watu wote wakamgeukia.

"Mnashangaa nini? Mimi ni Holo binti Shija, Msukuma wa Gwata! Mzaramo wangu kafa bila kuniaga, na sitoki hapa mpaka nipewe jogoo!"

Mwanamume mmoja akasimama. "Msukuma? Hawa hawa waliolishia ng'ombe mihogo yetu?"

"Kaa chini!" Bi Mwamini akamkemea, na papo hapo kicheko kikamtoka katikati ya kilio, mabega yanamtikisika. "Ya mihogo tutagombana kesho. Leo mtani wangu kaja kumzika baba. Njoo hapa, mwizi wa kuku we! Mwezi mzima unakula kwangu ukijiita Selina?"

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Akina mama wakamvuta, wakampaka unga usoni, naye Holo akacheka huku analia. Alijisikia mwepesi, kama aliyetuliwa mzigo.

Sasa mgeni utamsifia kila kitu, lakini mtani humbembelezi. Asubuhi yake Bi Mwamini akamvamia Holo uani. "Na ule mdude wenu! Mmemjengea nani, twiga? Kugeuza makopa mpaka nipande juu ya ndoo, na umri huu! Ninyi Wasukuma akili zote mmewaachia ng'ombe."

Holo akageuka polepole akamtazama Didas. Aliyepima urefu wa vichanja alikuwa yeye Didas, na alipima kwa kifua chake mwenyewe.

"Mbona hamkusema, mama?"

"Mgeni anaambiwa kazi yake mbaya? Tungeonekana watu gani?"

Msumeno ukaazimwa, vichanja vikakatwa miguu, na Didas akasimangwa mpaka naye akajicheka.

Ijumaa Herman akafika, akakuta vichanja vimejaa makopa meupe pe, na akina mama wanageuza huku wanapiga soga. Akazunguka banda lote akitikisa kichwa kwa furaha.

"Hiki hakiendi popote," akasema. "Hongera, Selina."

"Selina yupi?" Bi Mwamini akamkatiza, kamshika Holo mkono. "Hapa hatuna Selina. Huyu ni Holo, Msukuma wa Gwata, mtani wetu. Na babake mwambieni aje, ya ng'ombe na mihogo tuyazungumze ana kwa ana."

Holo akatoa simu palepale, akampigia baba yake. Akamwambia aje Marui, abebe na maziwa, kwani kuna watu wanamsubiri kwa hamu wamtukane.