Mbegu za Kiunoni

Mbegu za pilipili hoho hazipendi baridi. Shangazi huziloweka usiku kucha, huzikunja kwenye kitambaa chenye unyevu, kisha hunifunga mimi kitambaa hicho kiunoni, chini ya kanga, mpaka zipasuke. Siku saba, mara nyingine nane. Silali kifudifudi, sikimbii, siendi mbali.

"Mimi mwili wangu barafu," husema shangazi. "Wewe una joto kama mkate unaotoka kuokwa. Nani mwingine ataweza?"

Hakuna mwingine. Tupo mimi na yeye, na trei mia mbili za miche chini ya wavu mweusi.

Niliacha shule darasa la tano. Mwaka huu shule ya kijiji cha jirani ilifungua darasa la watu wazima, na mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Alhamisi, saa sita mchana. Kila mtu aende mwenyewe. Nilimwomba shangazi ruhusa. Alijibu bila kuinua uso, "Mbegu zikitoka, utakwenda."

Nilihesabu. Zingetoka Ijumaa.

Basi Jumatatu, shangazi akiwa na wateja, nilikifungua kitambaa nikakiweka juu ya bati, kando ya jiko la mkaa. Nilidhani joto ni joto. Nikaenda kumwagilia nyanya, nikakawia. Niliporudi kitambaa kilikuwa kikavu, kinaunguza vidole. Nikakilowesha, nikajifunga tena, nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote.

Alhamisi asubuhi shangazi alikikunjua. Kilinuka kama maharage yaliyochacha. Hakuna hata mbegu moja iliyotoa mzizi.

"Muuza mbegu kaniuzia makapi," akasema, akavuta mtandio wake. "Leo atanitambua."

Muuza mbegu ni mtu mpole, kijiko chake hupima mpaka kinamwagika. Lakini sikusema kwa ajili yake tu. Nilijiambia shangazi akiujua ukweli atanifukuza, na aliyefukuzwa haombi ruhusa.

"Si yeye, shangazi. Nimezipika mimi. Niliziweka jikoni ili ziwahi, nipate kwenda shule."

Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alinitazama mpaka nikaanza kuzikagua kucha zangu.

"Ungenyamaza, ningekwenda kumtukana mtu wa watu bure."

"Ndiyo. Kwa hiyo sikufai. Tafuta mwingine."

"Nimtafute nani?" Akacheka kidogo. "Aliyekutangulia aliniulia trei sitini za nyanya, akasingizia kuku. Sisi hatujawahi kufuga kuku. Mtu wa kutaja kosa lake mwenyewe haokotwi njiani, mwanangu."

Akavua ufunguo wa stoo ya mbegu shingoni mwake, akanivisha mimi. Uzi ulikuwa bado na jasho lake.

"Kuanzia leo kitalu ni chako. Magoti yangu yamekwisha."

Nilitaka kusema sikitaki. Nikasema, "Asante, shangazi."

Binti wa fundi viatu, niliyepanga kwenda naye kujiandikisha, alisimama langoni. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi.

"Twende basi, saa tano na nusu hii."

"Ana kazi," shangazi akamjibu kwa upole, kama anayenisifu.

Mwenzangu alinitazama mimi, si shangazi. Alinipa nafasi ya kusema. Nilishika wavu kwa vidole, nikatafuta neno, nikapata moja tu.

"Tangulia."

Alingoja kidogo, kisha akaenda. Nilivisikiliza viatu vyake mpaka vikamezwa na kelele za barabara. Nyuma yangu shangazi alikuwa akimimina mbegu nyingine kwenye bakuli, akiniuliza, kwa kuwa sasa mwenye uamuzi ni mimi, kama maji yanatosha.