Nundu ya Ijumaa

Ijumaa moja ya mwaka 1951, ukungu uliifunika Busia hata maduka yakaonekana yanaelea. Mwalimu Badiru, imamu wa msikiti mdogo wa mabati, alikuwa anatawadha mara ya tatu. Kila akimaliza alihisi tone. Tangu masika mkojo ulimtoka kidogo kidogo, na aliyejua ni mkewe tu, Hajarah. Alivyofundishwa, mtu wa hali hiyo husali, lakini hawasalishi wenzake. Yeye alikuwa amewasalisha miaka ishirini. Kuipoteza nafasi ile ya mbele kulimtisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Jumatatu ya wiki hiyo yeye na Hajarah walikuwa wamepanda lori la pamba hadi Tororo. Daktari alimpima, akasema tezi dume imevimba, kama inavyowapata wazee wengi. Chakula peke yake hakitamponya, ila kitausaidia mwili: apunguze nyama ya mafuta, ale mboga, nyanya na maharage, aache chai ya jioni, arudi baada ya mwezi. Wakati wa kurudi, Badiru aliutazama mwamba wa Tororo ukififia nyuma ya vumbi, mwepesi kama wingu, akatamani kuwa mwepesi vile.

Sasa Nurudin, mwenye bucha, alibisha hodi. Badiru ndiye aliyemchinjia ng'ombe, na kila Ijumaa fungu lake lilikuwa nundu, yote mafuta.

"Rudi nayo, baba," Hajarah alisema mlangoni. "Leo hatuli."

"Hamli? Kuna nini, Mama Zubaida?"

"Hatuli tu."

Jirani alisikia. Kabla ya adhuhuri mji mzima ulijua: Mwalimu amekataa nyama aliyoichinja mwenyewe, basi si halali. Nurudin alirudi akitweta.

"Mwalimu, nimekukosea nini? Ng'ombe mzima ananing'inia, na wateja wangu ni nzi!"

Badiru alikuwa anakula kunde zilizoungwa kwa simsim. Kunde ziligeuka udongo mdomoni. Alinawa, akashika njia ya msikitini, na ile njia fupi ilikuwa ndefu kama ya ndotoni.

Watu walipokaa, aliwageukia.

"Nyama ya Nurudin ni halali. Mgonjwa ni mimi. Mkojo haunitii, na daktari amenikataza mafuta. Niliwaficha kwa sababu naipenda nafasi hii."

Juu ya bati njiwa alitembea, kila hatua ikasikika.

"Kumbe ni wewe!" Mzee Faruku alipaza sauti. "Wewe ndiye ninayepishana naye alfajiri kule migombani! Mimi nilidhani mwizi, nikawa nakimbia kabla sijamaliza!"

Msikiti ulicheka. Mzee mwingine akauliza kwa sauti ya chini daktari huyo yupo siku gani.

"Nurudin," Badiru alisema, "pita mbele, utusalishe."

Mwenye bucha alisita, akafuta macho, akapita. Badiru alirudi nyuma, akajipenyeza safuni. Bega la Faruku liligusa lake upande huu, la mchukuzi wa pamba upande ule, yote mawili yana joto. Kwa miaka ishirini alikuwa amesimama mbele peke yake.