Talaka Hutafutwa kwa Jirani

Opal Hatchett alikuwa ameshachagua gauni, ameshaagiza kuku wa kukaanga wa kulisha kanisa zima, na ameshagombana na mchungaji kuhusu nyimbo. Kilichobaki ni leseni ya ndoa tu, na leseni si kazi: unaingia mahakamani Pruett, unaonyesha kitambulisho, unatoka. Ndivyo alivyomwambia Wendell Jumatano asubuhi huku akimhimiza avae shati la maana, kwa sababu hata karani ana macho.

Karani mwenyewe alikuwa Twyla Burchett, ambaye Opal alimfundisha Shule ya Jumapili tangu hajaota meno ya mbele. Aliwapokea kwa bashasha, akaandika majina, kisha akauliza kama kuna kati yao aliyewahi kufunga ndoa.

"Wote wawili," Opal akasema.

"Na nani?"

"Na huyu," wakajibu kwa pamoja, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

Twyla alijitahidi asicheke, akashindwa. Habari yao alikuwa nayo, nani hana? Karibu miaka ishirini iliyopita walikosana, Wendell akabeba nyavu zake na mbwa wake akahamia kule mtoni, Opal akabaki na nyumba ya mlimani. Halafu baridi ya mwaka jana Wendell akamletea kuni bila kuombwa. Kuni zikaleta supu, supu ikaleta maneno, na sasa harusi ilikuwa Jumamosi. Twyla aliwapongeza kwa moyo wote. Ila sheria ni sheria, akasema: waliotalikiana walete nakala ya hukumu ya talaka, yenye muhuri. Bila hukumu hakuna leseni, na bila leseni mchungaji hafungui Biblia, hilo alishalitangaza mwenyewe madhabahuni.

Twyla akatafuta kwenye kompyuta yake, kwa adabu tu. Hakukuwa na kitu, na hakuna aliyeshangaa. Gazeti la Pruett hutoka kila Alhamisi, na ukurasa wa tatu huchapisha kila jina lililopita mahakamani wiki ile, awe mtu ameshtakiwa kwa mwendo kasi au ameshtakiwa na mkewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuwahi kukaa chini ya mashine ya kukaushia nywele katika saluni ya Nadine siku gazeti linapotoka. Kwa hiyo watu wa Pruett wana desturi yao: ndoa unaifunga kwenu, talaka unaitafuta kwa jirani. Unakwenda Dunmore au Sill, kaunti za jirani, unatoa anwani ya binamu yako, na gazeti la kwenu linabaki na mashindano ya maboga. Watu wa Dunmore nao huja Pruett. Twyla alisema ana makabati mawili yamejaa ndoa zao zilizovunjika.

"Basi twende Dunmore," Opal akasema. "Ndiko huyu alikoniachia."

Wendell akageuka. "Nani kakuacha? Ni Sill, Opal. Wewe ndiye uliyedai talaka, Sill."

Twyla aliwatazama, mmoja halafu mwingine, akakumbuka kwamba ana faili la kupeleka chumba cha pili.

Ndani ya pikapu walibishana mpaka darajani. Kumbe mwaka ule kila mmoja alikimbilia kwa jirani yake bila kumwambia mwenzake, katika wiki ileile. Opal alikwenda Sill na anwani ya binamu yake, Wendell akaenda Dunmore na anwani ya rafiki yake wa kuvua samaki. Halafu kila mmoja akaletewa na askari wa kaunti karatasi za mwenzake. Wendell alishikilia kuwa yeye ndiye aliyeachwa. Opal akamwambia aache kujiliza, mtu mzima ovyo.

Lakini moyoni Opal hakuwa anacheka. Siku ile alipokwenda Sill alikuwa na hasira, na hasira zake zilikuwa hazimalizi mwezi. Alikuwa ameshaanza kumwandalia Wendell maneno ya kumrudisha, askari alipobisha hodi na zile karatasi za Dunmore. Alizisoma akiwa amesimama jikoni, na zilimchoma. Yake ilikuwa hasira, alijiambia, lakini ya mwanamume huyu ilikuwa nia. Mwiba huo alikaa nao miaka yote, na kuni zote za baridi hazikuung'oa. Wendell alikuwa amewekewa nyonga mpya, na mtoni ni mbali na watu. Je, alikuwa anarudi kwa sababu anampenda, au kwa sababu mguu unauma na nyumba haina mtu wa kusema naye? Opal aliogopa kumuuliza, akaona heri aulizie nyimbo za harusi.

Dunmore karani alikuwa mzee Elroy Gantt, ambaye masikio yake yalistaafu kabla yake. Opal aliinama dirishani akamnong'oneza shida yao.

"TALAKA?" mzee Gantt akauliza, na foleni yote ikanyamaza. "YA MWAKA GANI?"

Opal akamwandikia. Mzee akaeleza, kwa sauti ileile ya kuita ng'ombe, kwamba kesi za familia haziwekwi kwenye mtandao kila mtu akazichungulia, na kwamba za miaka ile haziko hata kwenye kompyuta, ziko chini kwenye makasha, na anazionyesha kwa wenye kesi tu, tena kwa kitambulisho. Mambo ya watu ni siri, alipaza sauti. Alikagua vitambulisho pande zote mbili, akashuka ngazi taratibu. Opal alipogeuka aliwaona watu wawili wa Pruett kwenye foleni, wote wakilitazama dari kwa makini sana. Akawasalimia kwa majina, liwalo na liwe.

Mzee Gantt alirudi na faili jembamba. Akalamba kidole, akafunua, akasoma kwa faida ya kaunti nzima. "MLALAMIKAJI HAKUFIKA. Akaitwa tena. HAKUFIKA. Kesi imefutwa." Akawatazama juu ya miwani. "Hapa hamna talaka, mama. Huyu bwana alianza tu."

Opal alishika ukingo wa dirisha. Alimtazama Wendell, na Wendell alikuwa anaitazama kofia yake.

Walipotoka, Wendell akasema bila kumwangalia kwamba haidhuru, basi ni ile ya Sill iliyofanya kazi, na wakiwahi watakuta hawajafunga. Hapo ndipo Opal alipotakiwa kufungua mdomo. Kwa sababu yeye alijua, na alijua vizuri kuliko makarani wote wa milima hii, kwamba baada ya siku ile ya kwanza hakukanyaga tena Sill. Barua ya kuitwa aliiona akaiweka chini ya kopo la unga. Alisema moyoni: kama anataka talaka na tayari ameiomba Dunmore, amalize yeye, mimi sitamsaidia kuniacha.

Lakini hakusema. Labda mahakama ilimaliza yenyewe, alijidanganya. Labda jaji alipitisha kalamu kwa kuchoka. Wendell akamkumbusha kwamba njiani kuna wale wanaouza pai za pichi. Opal akasema hana njaa, na Wendell akapunguza mwendo kumwangalia, kwa maana hilo hakuwahi kulisikia tangu amfahamu.

Sill walikuwa na kompyuta mpya na karani msichana mwenye kucha za kijani. Hakuchukua muda. Akauliza jina, akauliza mwaka, akachukua vitambulisho, akakunja uso.

"Ilifutwa," akasema. "Mlalamikaji aliitwa, hakuja."

Wendell akageuka polepole kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. "Hukuja?"

"Sikuja," Opal akasema.

Wendell akamwambia karani kwamba na Dunmore ni hivyohivyo. Karani aliwatazama wote wawili, akatazama tena kioo cha kompyuta yake, akafanya hesabu. Akawaeleza kwa upole kwamba kama Dunmore hakuna na Sill hakuna, basi hakuna popote, na wao ni mume na mke tangu siku walipooana. Leseni hawatapewa na kaunti yoyote, kwa sababu watu waliokwisha kuoana hawaoani tena. Halafu akaongeza, "Hongereni."

Walifika nje kwenye gari, Opal akawaka.

"Miaka ishirini, Wendell! Miaka ishirini kila mtu na sufuria yake! Nimepika maharagwe ya mtu mmoja nikamwaga nusu, kisa nini? Gazeti la Alhamisi?"

"Na vichwa vyetu vigumu," Wendell akasema.

"Usiniletee vichwa. Kwa nini hukwenda Dunmore walipokuita?"

Wendell aliegemea mlango wa pikapu. Nyonga ilikuwa inamsumbua, ilionekana, lakini hakukaa.

"Nilikwenda," akasema. "Mara zote mbili. Nilivaa tai. Nikakaa garini mbele ya mahakama mpaka wakafunga milango. Karatasi zako za Sill nilikuwa nazo hapa mapajani. Nikasema, kama yeye anataka, ataniacha yeye. Mimi mkono wangu hautaandika."

Mwiba wa miaka yote ulikuwa umetoka, na pahali pake paliuma kwa namna nyingine, tamu na ya kuudhi. Opal alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa koti, akamwambia kuhusu barua ile na kopo la unga. Wendell alisikiliza mpaka mwisho. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Opal alipogundua kwamba mwanamume anacheka, alimpiga kwa mkoba, akaanza kucheka yeye mwenyewe, mpaka ikabidi washikane wasianguke. Wagombanao ndio wapatanao, lakini hawa wawili walizidisha.

Walipotulia Opal akasema Jumamosi iko palepale. Kuku wameshaagizwa na watu wataletewa kuku wao. Mchungaji hatakuwa na leseni ya kudai, basi atawaombea tu, na kama hawezi kuombea ndoa iliyokwishafungwa, arudi akasome upya.

Wendell alikuwa bado anazungusha kofia. Akasema kinachomsikitisha ni kwamba alishajiandaa kuulizwa na kujibu mbele ya watu, na mara ya kwanza walifungishwa kwa haraka na jaji aliyekuwa na mafua, hata maneno hayakusikika. Sasa atamuuliza nini mtu ambaye tayari ni mke wake?

"Uliza tu," Opal akasema.

Wendell akasimama wima pale kwenye maegesho ya mahakama ya Sill, watu wakipita na makaratasi yao ya huzuni.

"Opal," akasema, "utaendelea?"

Opal alimtazama, shati la maana limetoka nje upande mmoja, macho yameloa. Hakuharakisha. Mwanamke aliyesubiri kiasi kile ana haki ya kujibu kwa wakati wake.

"Nitaendelea," akasema. "Washa gari twende nyumbani."

Wendell akaingia, akawasha, akafika barabarani akasimama. Kulia ni mtoni, kushoto ni mlimani.

"Kwako au kwangu?"

"Kwetu," Opal akasema.