Bua la Kupimia Mguu

Jumatatu ile nilipiga magoti kanisani, lakini sikuwa nasali. Nilikuwa nasugua nyayo za mwanangu kwa brashi ya kufulia. Zilianzia mlangoni, zikapita katikati ya mabenchi hadi karibu na altare: nyayo nyeupe, pana, wa kulia umekanyaga sawasawa, wa kushoto umeburuta mkia. Kristiana, mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yetu, alisimama juu yangu na leso puani, kana kwamba chokaa inanuka.

"Mama Bertilla, umetuchafulia kanisa," alisema. "Mpaka kule mbele!"

Niliendelea kusugua. Nilimwonea kinyaa yeye na leso yake. Miaka sita imepita sasa, na nikisema kweli, kinyaa kile nilikuja nacho kutoka nyumbani.

Bertilla alikuwa na miaka tisa. Tangu aanze kusimama miguu yake ilikataa kukanyaga vizuri, na hapa Mwimbi kila mtu alikuwa na maelezo yake: karogwa, mama yake alivuka kitu njiani, kuna deni la mizimu. Walikuja kuniambia huku wanakula chakula changu. Nilichefuka hadi nikaacha kukaribisha watu. Kisha tukapata vyuma hospitali mjini Sumbawanga: plastiki ngumu inayokaa chini ya unyayo, vyuma viwili pembeni, mikanda chini ya goti. Fundi aliyevitengeneza alinieleza taratibu.

"Kiatu kinafuata chuma, mama, hakifuati mguu. Kiwe kipana, kifunguke hadi mbele, kisiwe na kisigino. Na ukienda kununua, nenda na mtoto, na vyuma amevaa."

Nikaitikia. Kuitikia hakuna kazi.

Nyumbani na shuleni alivalia raba kuukuu za mjomba wake, tulizozichana mbele ili vyuma vipite. Lakini ikafika Komunyo ya Kwanza, na raba zile hazikuwa za kwenda nazo altareni. Bertilla alikuwa na ombi moja tu, akilirudia kila siku: atembee mwenyewe hadi kwa padri. Maisha yake yote nilimbeba mgongoni kwenda kanisani, miguu ikining'inia, na alikuwa ameshachoka kubebwa.

Kwetu mtu haendi mjini na mtoto kwa ajili ya kiatu. Unakata bua la ulezi sawa na unyayo wake, unaondoka nalo, unalitia ndani ya kiatu sokoni; likienea, umemaliza. Nililikata mchana, Bertilla amelala. Nilipima mguu mtupu. Vyuma vilikuwa vimesimama pale pale kando ya kitanda, nikaviona, nikapima mguu mtupu. Bua langu likawa sawa na la mama mwingine yeyote, na hicho ndicho nilichotaka. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa kwanza, ndipo nikaanza kuficha.

Muuza mitumba alikuwa Msukuma mmoja, Ngeleja, mtu wa maneno machache.

"Mtoto mwenyewe yuko wapi, dada?"

"Shule."

"Jumamosi?"

Nilicheka ovyo, nikamwonyesha viatu vyeupe vyenye mkanda wa bizimu na ua la kitambaa. Bua likaenea kabisa. Njia nzima ya kurudi nilivishika mapajani.

Jioni hiyo chuma kilikwama mdomoni mwa kiatu. Nilisukuma. Nilimshika Bertilla kifundo cha mguu nikasukuma kama mtu anayeshindilia mahindi kwenye gunia, hadi ua likang'oka.

"Basi utavivaa bila vyuma," nikasema. "Nitakubeba mpaka mbele. Ni dakika moja tu."

Hakulia. Aliokota bua sakafuni, akaliweka kando ya chuma chake, akalitazama.

"Mama, ulipima mguu wa nani?"

Nilinyakua lile bua nikalitumbukiza kwenye mfuko wangu wa sokoni, nikatoka nje nikajifanya naokota kuni.

Jumatano tulikwenda wote wawili. Ngeleja alimketisha juu ya gunia, na watu wakajaa kama wanaangalia mkutano. Mama mmoja alimvuta mwanawe mkono, eti vyuma vinaambukiza. Mwingine akaniuliza nani kamroga, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, huku anamenya muwa na kutema makapi karibu na miguu ya mwanangu. Ngeleja hakuwajali. Alitoa soli za ndani, akalegeza kamba, akajaribu kiatu cha kwanza, cha pili, cha sita.

"Ungesema tangu siku ile, dada," alisema bila kuinua kichwa, "nisingekuuzia maua."

Cha saba kilikuwa buti la kahawia, la kiume, mdomo wazi hadi karibu na vidole. Chuma kikaingia. Likaja la pili, nalo likaingia. Bertilla alisimama, akapiga hatua nne kwenye vumbi, akageuka, akarudi.

"Haya haya," alisema. "Usitafute mengine."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu. Lakini Jumamosi nilikoroga chokaa iliyobaki tulipopaka nyumba, nikayapaka yale mabuti mara mbili.

"Yalikuwa mazuri hivyo hivyo," Bertilla alisema.

"Katekista anataka vyeupe."

Katekista alikuwa amesema safi. Vyeupe nilisema mimi.

Jumapili njia ilikuwa na umande, chokaa ikalowa. Jina lake lilipoitwa, Bertilla aliinuka, akaanza kutembea. Buti moja likagonga, jingine likaburuta, likagonga, likaburuta, na kanisa zima likanyamaza kumsikiliza. Mimi niliangalia sakafu, kwa sababu nilikuwa nimeziona zile alama. Yeye hakutazama chini hata mara moja. "Amina" yake niliisikia nikiwa nyuma kabisa.

Kwa hiyo Jumatatu nilisugua. Kristiana alipokwisha kuondoka nilikuwa nimefika kwenye unyayo wa mwisho, ule aliosimama nao mbele ya padri. Nilitia mkono kwenye mfuko wa sokoni kuchukua kipande kingine cha sabuni, nikakutana na bua. Nililiweka juu ya unyayo, kisigino kwa kisigino. Lilipungua vidole vitatu. Nilikaa pale chini, maji machafu yakinilowesha magoti, nikajionea kinyaa kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote.

Sabuni iliyobaki nilirudi nayo nyumbani. Bertilla alipotoka shule na raba zake zilizochanwa, alikuta mabuti mlangoni, ya kahawia tena, yakichuruzika maji. Aliyatazama, akanitazama.

"Hayajakauka," nilimwambia.

Akaketi kizingitini, akayavaa hivyo hivyo.