Maandamano Yaliyovua Viatu

Hata leo ukimwuliza Salmini nani aliwaambia watu wavue viatu, atakuna kichwa tu. Hakuna aliyewaambia. Walianzia dukani kwa Hamidu, wanaume kwa wanawake, wakiimba kwamba safari hii Mwenye anang'oka, na kijiji kizima cha chini ya mteremko wa Newala kikaitikia. Salmini alikuwa mbele, ndani ya mabuti yake ya mpira, yale ya kupulizia mikorosho salfa.

Mwenye huyo, mkuu wa mila wa kijiji, alikuwa mjomba wake, Rajabu, kaka wa mama yake, Siti. Hakuwa na askari wala ofisi. Alikuwa na nyumba ya bati na mtungi wa unga wa mtama, basi. Lakini bila unga huo jando halifunguliwi, na mzee alikuwa amelifunga huu mwaka wa tatu. Kila akiombwa alitoa jibu lilelile: "Sijaota bado." Utadhani jando ni sinema ya usingizini! Tahiri, mtoto wa Salmini, sauti ilishaanza kumvunjika, na wenzake waliochezwa jando kule Kitangari wakamwita msungo, mtu asiyefundwa, mpaka akakataa shule.

"Si tumpeleke hospitali ya Mkomaindo akakatwe," alisema Salmini.

"Kukatwa atakatwa," alijibu mkewe, Maryam. "Atafundwa na nani? Daktari?"

Hamidu, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ndiye aliyemalizia: "Tumtoe mzee. Tuchukue mtungi, tufungue wenyewe."

Basi wakaenda. Sasa, ua wa Mwenye hufagiliwa kila asubuhi, na mtoto wa kijiji kile hujifunza kabla hajajua kusema vizuri kwamba pale huingii na viatu. Walipofika ukingoni Salmini alijikuta ameinama, anavuta buti la kushoto. Alipogeuka, wote wameinama. Ndala zikapangwa kwa adabu. Na mtu akishavua viatu, anafanya nini tena kama si kukaa? Wakakaa. Yule mama aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote, "Ang'oke!", akasikika akisema, "Shikamoo, Mwenye."

"Marahaba, wanangu." Mzee alitoka na mtungi kwapani. "Nasikia mnataka Mwenye atoke."

Hamidu akajibu kwa sauti ndogo, "Ndiyo, Mwenye."

"Vizuri. Hata mimi nimechoka." Akachota unga, akammwagia Salmini kichwani. Kwao mpwa ndiye humrithi mjomba. "Mwenye ametoka. Mwenye ameingia."

Vigelegele vikapigwa, kwa mazoea tu. Salmini alibaki ameduwaa, unga ukimwingia machoni. Alikuja kuung'oa umwenye, na sasa umeota kichwani kwake. Wameshinda au wameshindwa? Hamidu alimkumbatia kwa furaha, kisha akakumbuka, akamwachia, akachuchumaa.

Asubuhi mama yake alikuja akapiga goti. "Shikamoo, Mwenye."

"Mama! Ni mimi, Salmini!"

"Salmini nilimzaa, nikamtoa jana," alisema Siti, macho chini. "Aliyerithi jina la kaka yangu ni kaka yangu. Usinitie mikosi, niitikie."

Akaitikia. Lilimtoka "marahaba" kama mfupa uliokwama kooni, akaona haya mpaka masikioni.

Akaenda kwa mzee. Alimkuta nyuma ya nyumba anamenya mihogo, anaimba, mwepesi kama kijana. Salmini akaudhika kabisa.

"Mjomba, kwa nini ulilifunga jando?"

"Unamkumbuka mtoto wa Hajira?"

Nani asiyemkumbuka? Jando la mwisho, homa ilimwua kambini.

"Habari ya msiba haitoki kambini mpaka kambi ivunjwe. Ndiyo mila," alisema mzee. "Mtoto tumeshamzika, na Hajira anapika kila siku, analeta sahani. Ikirudi na chakula atajua. Nani alikuwa anakila?"

Mzee alichukua muhogo mwingine.

"Mwenye. Ndiyo kazi yake. Hajira alikuwa anatia nazi, na mimi nakula, namrudishia sahani nyeupe, naye anafurahi kwamba mwanawe anakula vizuri." Kisu kilisimama juu ya muhogo. "Sikuweza tena."

"Si ungeiondoa mila hiyo?"

"Ningeiondoa na nani? Na nyinyi, mliokuja kunipindua mkavua viatu?"

"Basi ungetuambia!"

"Mwenye hasemi anaogopa. Na wewe hutasema. Utaona."

Salmini aliondoka akiapa kwamba atasema. Alikariri maneno njia nzima: jando liko wazi, mtoto akiugua apelekwe hospitali, akifa mama yake aambiwe siku hiyohiyo. Maneno mepesi, hata mlevi angeyasema.

Ijumaa watu walijaa uani. Tahiri alikuwepo, amenyolewa tayari, anacheka na kila mtu. Maryam alikaa mbele, na mapajani mwake alikuwa na sahani mpya ya bati yenye maua mekundu, ya kumpelekea mwanawe chakula kambini.

"Mwenye," alisema mama mmoja, "tumekuja kuomba unga."

Salmini alifungua kinywa. Aliiangalia ile sahani. Aliona mkono wake mwenyewe umo ndani yake, unamega ugali. Maneno yote aliyoyakariri yakamkimbia, na yaliyotoka hakujua yametokea wapi.

"Sijaota bado."

Tahiri aliacha kucheka. Maryam alimkazia macho mumewe kama anamtafuta mtu aliyempoteza. Hakuna aliyenung'unika, walianza kuinuka mmoja mmoja, wakifuata ndala zao ukingoni.

Hamidu peke yake hakwenda ukingoni. Alisimama katikati ya ua uliofagiliwa, mikono kiunoni, na Salmini alipotazama chini akaona kwamba rafiki yake hakuvua viatu.