Mfungo wa Tyson

Paka wa Jebet aliitwa Tyson, jina la yule bondia, ili panya wa kijiji cha Sugoi wakisikia jina hilo wahame wenyewe. Hawakuhama. Ilipofika Julai, baridi ikashika mpaka maji ya ng'ombe yakauma vidole, na Tyson akahamia kando ya jiko jikoni, miguu yote minne ameikunja chini ya tumbo. Ghalani, panya walikuwa wanatoboa gunia la tatu la mahindi.

"Maziwa ndiyo yanamharibu," alisema Kipyego, mume wa Jebet, naye ameketi kando ya jiko lilelile na koti lake zito. "Kuanzia leo asipewe hata tone. Akishikwa na njaa ataenda ghalani. Jumamosi kama hajashika panya, Okeyo wa posho mill, yule msaga unga, anamchukua."

Jebet alimpenda Tyson, lakini pia alimheshimu mume wake. Akaliweka jambo hilo mbele za Mungu. Aliamua kufunga siku tatu pamoja na paka, ili Bwana amtie Tyson nguvu ya kuwinda.

Siku ya pili jioni alikwenda darasa la watu wazima katika shule ya msingi, mikono imekufa ganzi, kalamu inamponyoka. Mwalimu Mulongo alikuwa anafundisha joto la mwili. Mtu, alisema, ana joto la kama nyuzi thelathini na saba. Paka anapita hapo, anafika thelathini na nane na zaidi. Mwili wa namna hiyo ni kama nyumba yenye moto mkubwa: unataka kuni nyingi, na kuni zake ni chakula. Tena masikio na nyayo zake hazina manyoya ya kutosha, na huko ndiko baridi inakoingilia.

Jebet aliinua mkono. "Mwalimu, na kama paka amefunga?"

"Amefunga nini, Mama?"

"Kula. Kwa ajili ya maombi."

Darasa zima likacheka. Chelimo, aliyekaa nyuma, akauliza, "Huyo paka ni wa kanisa gani?"

"Basi mmemzimia moto," alisema Mwalimu, bila kucheka.

Jebet alifika nyumbani akamimina maziwa ya moto kwenye kikombe na mengine kwenye kisahani. Kipyego akamtazama.

"Nilisema nini, Mama Kiplimo?"

"Tumefungua. Mimi na Tyson."

"Mimi nilimnyima maziwa tu. Mfungo ni wako."

"Mwalimu anasema mwili wenye baridi usipopewa chakula ndio unazidi kukaa kando ya moto."

"Mwalimu ana panya nyumbani kwake?"

Jebet alisogea kwenye jiko. Aliinua birika la chai lililokuwa karibu na magoti ya mume wake, akaliweka juu ya kabati.

"Hicho kilikuwa kikombe cha ngapi, Baba Kiplimo?"

"Cha tatu. Mbona?"

"Chai inakuharibu. Nikikunyima, si utaenda ghalani?"

Kipyego alitazama mlango. Upepo ulikuwa unapita chini yake ukiinua majivu. Tyson alimaliza maziwa yake, akajilamba, akatafuta mahali pa joto, akapanda kwenye mapaja ya mzee. Kipyego aliinua mkono kumsukuma, kisha mkono ukabaki palepale, juu ya mgongo wa paka.

"Rudisha birika," alisema.

Jumamosi Okeyo alifika na gunia tupu. Alimkuta Kipyego pale pale, Tyson mapajani.

"Nimekuja kumchukua, Mzee."

"Ungekuja mapema. Sasa amelala."

"Si umwamshe?"

"Na hii miguu yangu nani ataipasha moto? Wewe?"

Okeyo alisugua viganja. Baridi ya asubuhi ilikuwa kali hata kwake. Alikunja gunia, akalikalia, akasogea karibu na jiko, akapewa kikombe cha chai.

"Na panya je?" aliuliza.

"Jua likirudi Tyson atawashughulikia," alisema Kipyego. "Mnyama halazimishwi kwenda baridini. Hilo ni jambo la sayansi."

Jebet alimshukuru Mungu kwamba paka amebaki. Halafu, kwa kuwa wote watatu walikuwa wameshastarehe, alivaa sweta la pili, akachukua fimbo, akaenda ghalani kuwafukuza panya mwenyewe.